Namasagali: Mji wa Reli na Safari ya Kiswahili Uganda

Ukishuka kutoka Kisugu kwenda Namuwongo, hapa Kampala, hufiki mbali kabla ya kukuta reli. Wengi wetu tunaoishi upande huo huivuka bila kujiuliza ilileta nini zaidi ya mizigo.

Karibu kila mwaka mwanafunzi huuliza darasani: Kiswahili kilifikaje Uganda? Kabla mwalimu hajafungua kinywa, mwenzake hujibu: "Kililetwa na askari." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Kiswahili kilitumika jeshini tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Lakini jibu hilo halitoshi, na limewafanya watu wengi wakiogope Kiswahili. Makala hii inaeleza historia ya Namasagali, mji mdogo wa Wilaya ya Kamuli, ili kuonyesha njia nyingine ambayo lugha hii ilipitia, yaani njia ya kazi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ilivushwa kwa meli hadi Jinja. Mbele ya Jinja meli hazikuweza kuendelea kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nile. Hivyo basi, ikajengwa Reli ya Busoga, yenye urefu wa karibu kilomita 100, iliyofunguliwa mwaka 1912 kati ya Jinja na Namasagali, mahali ambapo mto hutulia. Namasagali ikawa stesheni, bandari na makazi ya wafanyakazi. Pamba ya Busoga na ya maeneo ya Ziwa Kyoga ilipakiwa hapo. Abiria nao walipanda meli hadi Masindi Port, wakaenda kwa barabara hadi Butiaba, kisha wakavuka Ziwa Albert kuelekea Mahagi, Kongo.

Msomaji aihesabu safari hiyo: treni, meli, treni, meli, barabara, kisha meli tena. Kila kituo kilihitaji watu wa kupakua, kuhesabu na kupakia, na watu hao hawakuwa wa kabila moja. Katika kazi za reli na meli, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha.

Kushuka kwa mji huo kulianza mapema. Mwaka 1928 reli iliyopitia Tororo iliungana na ile ya Busoga pale Mbulamuti, na mwaka 1929 tawi la Soroti likaanza kuchukua pamba ya Teso. Mwaka 1931 reli ilivuka Nile na kufika Kampala. Namasagali ikabaki kando ya njia kuu. Mafuriko ya miaka ya 1961 na 1962 yalimaliza kazi ya bandari. Baadaye majengo ya reli yakageuzwa kuwa shule ya sekondari, na leo Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi hapo.

Treni iliondoka, lakini maneno hayakuondoka nayo. Waganda huita treni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi neno kwa neno. *Eggaali* ni gari, neno ambalo Kiswahili nacho kililipata kutoka Kihindi. Meli ni *emmeeri*. Kibarua huitwa *omupakasi*, ambaye ni mpagazi wetu. Hatudai kwamba maneno haya yote yaliingia kupitia Namasagali. Mpagazi alikuwapo tangu siku za misafara. Tunachosema ni kwamba ni maneno ya usafiri na jasho. Hakuna bunduki ndani yake.

Kwa walimu jambo hili lina uzito. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria, hata hivyo, haiondoi woga moyoni mwa mwanafunzi. Tunapendekeza somo la kwanza lianzie kwake mwenyewe: awaulize wazee wa nyumbani maneno ya safari, soko na kazi katika lugha yao, kisha darasa zima litafute yaliyo ya Kiswahili. Atagundua kwamba anayo mengi tayari.