Betri Mbili, na Swali Linalowachosha Mafundi

"Nianze kutoa betri ipi?" Mwenye Land Cruiser yenye betri mbili huuliza hivyo, dereva wa Fuso huuliza hivyo, na wa Coaster naye hakosi. Fundi umeme wa magari analisikia swali hili mpaka anachoka, kwa sababu limeanza vibaya. Cha kwanza kujua ni kama injini imezimwa. Cha pili ni kichwa kipi cha betri kinachoguswa kwanza. Na mara nyingi anayeuliza "betri ipi" ana lake moyoni: anataka kuiacha injini ikinguruma, achomoe terminali moja, "aone kama alternata inachaji".

Hapo ndipo subira ya fundi huisha.

Imani yenyewe inafahamika kila gereji bubu: ng'oa terminali injini ikiwa inafanya kazi, ikizima, alternata mbovu, isipozima, nzima. Magari ya betri mbili yameiongezea kisingizio. Moja ikitoka, wanasema, nyingine si ipo?

Mtindo huu una asili yake. Enzi za dinamo gari lilikuwa na plagi, taa na honi, wala hapakuwa na kompyuta ya kuungua. Chrysler ilipofunga alternata kwenye Valiant ya mwaka 1960, daiodi ziliingia kwenye mfumo wa kuchaji, na miaka iliyofuata zikaja kontroli boksi, vihisi na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme. Gari limebadilika, kipimo kimebaki kile cha babu.

Chukua alternata inayosukuma ampia 60 kwenye betri iliyoishiwa chaji. Betri ikiondolewa ghafla, sumaku iliyomo ndani ya alternata haizimiki papo hapo. Regileta huhitaji muda kuipunguza nguvu. Ni sawa na kufunga koki huku pampu ingali inasukuma maji: shinikizo hupanda mpaka palipo dhaifu papasuke. Kwenye gari kinachopanda ni volti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumika kupima uimara wa vifaa vya umeme vya magari, kinauweka mpigo huo kati ya volti 79 na 101 kwa gari la volti 12, na kati ya 151 na 202 kwa gari la volti 24, pale alternata isipokuwa na kinga ya ndani. Mpigo wenyewe haumalizi hata nusu sekunde. Daiodi haihitaji muda zaidi ya huo kuungua.

Haya, tuseme bahati ilikuwepo na hakuna kilichoungua. Kipimo kimesema nini? Hakijasema kitu. Kwenye Land Cruiser ya dizeli ya mfululizo wa 100 iliyotoka na betri mbili, betri hizo zimeungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukitoa moja, nyingine inaendelea kulisha gari, kwa hiyo injini haitazima hata kama alternata ilikufa juzi. Kwenye Scania, betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano ili zitoe volti 24. Ukikata popote umezikata zote, na mpigo unaokuja ni ule mkubwa. Nalo lori la zamani lenye pampu ya dizeli isiyotegemea umeme, linalozimwa kwa kuvuta waya, litanguruma tu hata alternata ikifunguliwa na kuwekwa mezani. Kipimo kinachotoa jibu lile lile kwa alternata nzima na mbovu kina faida gani?

Multimita ndogo ya mkononi inamaliza ubishi bila kufungua nati hata moja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Kwa mfumo wa volti 24, soma kama 25.2 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 27.5 na 28.8 ikiwa inawaka. Namba isipopanda, kasoro iko kwenye mfumo wa kuchaji: alternata, mkanda au nyaya.

Sasa kuhusu kutoa betri zenyewe. Utazame mkono wa fundi aliye kazini: spana namba 10 imekaa kwenye nati ya chanya, mpini wake uko sentimita chache kutoka ukingo wa fenda. Hasi ya betri hii ameshaitoa, naye anaamini yuko salama. Hayuko. Betri ya pili, ng'ambo ya injini, bado imeshika bodi kwa hasi yake, na chanya yake imefika hapa kwa waya mnene. Spana ikigusa bodi, mamia ya ampia hupita humo na chuma hujichomelea pale pale. Pete ya kidoleni ikiwa katikati, hupata moto kabla mkono haujavutwa. Na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Cheche moja hapo, tindikali iko usoni.

Kwa betri zilizoungwa sambamba, basi, toa hasi zote mbili kwanza, ndipo uguse chanya yoyote.

Kwenye volti 24 mtego ni mwingine. Betri moja tu ndiyo hasi yake imeshika chasisi. Hasi ya betri ya pili imeungwa kwenye chanya ya ile ya kwanza kwa waya wa daraja, na alama yake ya kutoa imeshawadanganya wengi. Ukiigusisha kwenye bodi wakati hasi ya chasisi haijatolewa, umeipiga shoti betri ya kwanza. Toa hasi ya chasisi, kisha daraja, kisha chanya ya mwisho.

Mengine ni ya haraka. Zima injini, toa ufunguo, vua pete na saa, piga picha ya nyaya kwa simu. Gari lenye AdBlue lisubiri dakika kadhaa mfumo usafishe mirija yake. Gari la safari lenye paneli ya sola juu ya paa, kata paneli kabla ya kugusa betri yake. Land Cruiser za 80 kutoka Japani zinazotembea kwa volti 12 na kuwashwa kwa 24 zina kifaa cha kubadili muungano. Fuata mchoro wa gari hilo, usikisie. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, daraja kama lipo, hasi ya bodi mwisho. Kabla ya kuunga sambamba, pima kila betri. Moja ikiwa 12.7 na nyingine 11, chaji iliyochoka kwanza. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili, za ukubwa mmoja na umri mmoja. Redio ya volti 12 kwenye lori ipewe konvata, isinyonye betri moja.

Fundi akinyoosha spana kuelekea terminali huku injini inanguruma, mwambie azime kwanza. Akikataa, funga boneti utafute mwingine, maana kontroli boksi ikiungua utakayeinunua ni wewe.