Maven na Tomcat: Namna ya Kuipeleka Programu Katika Seva

Neno Maven, ambalo ni jina la chombo kitumiwacho kujengea programu za lugha ya Java, asili yake ni Kiyidi, nacho Kiyidi kimelipata kutoka Kiebrania, kwa maana ya mtu afahamuye. Mzizi wake ni jamaa ya ule mzizi wa Kiarabu uliokipa Kiswahili maneno baini, bayana na bainisha. Jina laafiki kazi: mambo ya kawaida Maven huyajua yenyewe, lakini yasiyo ya kawaida sharti yabainishwe.

Maelezo ya programu huandikwa katika faili iitwayo pom.xml. Humo hutajwa aina ya kifurushi kitakiwacho, ambayo kwa programu ya tovuti ni war. Maven huitafsiri programu, huijaribu, kisha huifunga yote katika faili moja. Tomcat, ambayo ndiyo seva, huipokea faili hiyo na kuiweka katika saraka yake ya webapps.

Faili yaweza kunakiliwa kwa mkono, lakini mkono husahau. Kwa hiyo katika pom.xml huongezwa plagini ya tomcat7, nayo huelezwa mambo matatu: anwani ya seva iishiayo kwa /manager/text, njia ya programu, na jina la kuitambulisha seva. Neno la siri halifai kuandikwa humo kamwe, kwa sababu pom.xml husomwa na kila mshiriki wa kazi. Mahali pake ni faili ya settings.xml, iliyo katika saraka ya .m2 ya mtumiaji mwenyewe. Kiungo cha faili hizo mbili ni lile jina la seva tu. Likihitilafiana hata kwa herufi moja, kazi haifanikiwi.

Upande wa seva, mtumiaji huandikwa katika tomcat-users.xml na kupewa wadhifa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wadhifa wa manager-gui ni wa mtu atumiaye kivinjari. Wa manager-script ni wa programu, nao ndio uhitajiwao na Maven. Haifai mtumiaji mmoja kupewa zote mbili, maana hivyo kinga ya ukurasa wa usimamizi hudhoofika.

Seva ikikataa, jibu lake lapaswa kusomwa kwa makini. Nambari 401 maana yake mwombaji hakutambulikana. Nambari 403, ametambulikana lakini hana ruhusa. Kwa la kwanza husahihishwa jina au neno la siri. Kwa la pili, wadhifa.

Mara ya kwanza hutolewa amri ya mvn tomcat7:deploy. Baadaye, kwa kuwa njia ile imekwisha kukaliwa, hutumiwa mvn tomcat7:redeploy. Na seva ikiwa mbali, anwani na ianze kwa https, kwani bila hiyo neno la siri lililofichwa nyumbani hupita njiani likiwa bayana.