Njia za Bretagne, Wanakopita Wenye Kusali na Wenye Kukimbia

Jioni moja kijana wa darasa la mafundisho alinijia akaniuliza, "Mwalimu, nimesikia ya kuwa huko Ulaya watu hukimbia kwa kujifurahisha katika njia za hija. Hupita mbele ya makanisa na misalaba, jasho likiwatoka, wala hawasimami kusali. Je, huko si kudharau mahali patakatifu?" Sikumjibu upesi. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda nitafute habari za hakika." Habari hizo ndizo niziletazo leo kwenu, wazazi na walimu wenzangu, kwa maana swali lile si lake peke yake.

Nchi aliyoitaja ni Bretagne, ncha ya Ufaransa iliyoingia baharini upande wa magharibi. Katika karne ya 5 na ya 6 watu wengi walivuka bahari kutoka kisiwa cha Britania, wakahamia huko pamoja na lugha yao, ambayo ni ndugu ya lugha ya Wales, wala haitoki katika Kifaransa. Wamonaki walikuwamo pia katika safari zile. Wabretoni huwahesabu watakatifu saba kuwa waanzilishi wa Kanisa lao, kila mmoja na mji wake: Samson wa Dol, Malo wa Saint-Malo, Brieuc wa Saint-Brieuc, Tugdual wa Tréguier, Paul Aurélien wa Saint-Pol-de-Léon, Corentin wa Quimper, na Patern wa Vannes.

Zamani mahujaji walitembea kwa miguu kutoka kaburi la mtakatifu mmoja hata la mwenziwe, mpaka wameizunguka nchi yote. Safari hiyo huitwa Tro Breizh, maana yake ni Kuizunguka Bretagne. Wazee walisimulia ya kuwa mtu asiyeimaliza akiwa hai, hana budi kuimaliza baada ya kufa, naye atasogea urefu wa jeneza lake tu kila miaka saba. Hadithi hiyo si mafundisho ya Kanisa, ila yaonyesha jinsi watu walivyoiheshimu safari ile. Baadaye desturi ikafifia, hata mwaka 1994 ikaamshwa tena: kila mwaka wakati wa joto mahujaji hutembea sehemu moja kwa muda wa juma moja, na miaka saba ikitimia wameufunga mzunguko.

Walakini iko njia nyingine, fupi zaidi, nayo yafaa kuangaliwa kwa makini. Karibu na pwani ya magharibi kuna mji mdogo wa mawe uitwao Locronan, ambao zamani ulitajirika kwa kufuma vitambaa vya matanga. Mji huo wachukua jina la Mtakatifu Ronan, mtawa aliyetoka Ireland. Wenyeji husimulia ya kuwa Ronan alikuwa na desturi ya kulizunguka eneo la upweke wake akiwa amefunga, miguu mitupu, na kwamba siku za kawaida alikwenda mzunguko mfupi, na siku nyingine mzunguko mrefu. Hata leo kuna maandamano mawili yanayofuata nyayo zake. Yale madogo hufanyika mwezi wa Julai. Yale makubwa huja mara moja tu kila miaka sita, nayo yalifanyika mwaka 2019, na tena mwaka 2025. Njia ya maandamano makubwa ni kilometa 12, ina vituo 12, nayo hupanda mlima wenye kimo cha mita 280 hivi. Kandoni mwa njia hujengwa vibanda vya matawi, na ndani yake huwekwa sanamu za watakatifu zilizoletwa kutoka makanisa ya jirani.

Tena kuna jambo la kushangaza. Sehemu za njia ile kubwa hupita katikati ya mashamba ya watu. Siku za maandamano zikifika, wenye mashamba hufungua malango, msafara ukapita katika nchi ambayo siku nyingine ni shamba tu. Kwa hiyo mtu atakaye kukimbia huko wakati mwingine wa mwaka, na azifuate njia zilizo wazi kwa watu wote, asikanyage mazao ya mkulima kwa kusema, "Hii ni njia ya mtakatifu." Utakatifu wa njia haumwondolei jirani haki yake.

Upande wa kaskazini wa mkoa ule wa Finistère viko vijiji vitatu, Saint-Thégonnec, Guimiliau na Lampaul-Guimiliau. Mkimbiaji aliyezoea aweza kuviunganisha asubuhi moja, kwa maana umbali wake wote hauzidi kilometa 15. Katika kila kimoja kanisa limezungukwa na ukuta, na ndani ya ukuta mna lango kuu la mawe, nyumba ya kuwekea mifupa ya wafu, na Kalvario, yaani msalaba mrefu uliochongwa pamoja na watu wa habari za Mateso. Kalvario ya Guimiliau ilijengwa kati ya mwaka 1581 na 1588, nayo ina sanamu 200 hivi. Ile ya Saint-Thégonnec ni ya mwaka 1610. Fedha zilipatikana katika biashara ya kitani, kwa maana wakulima wa huko walilima kitani, wakafuma, wakauza ng'ambo. Na faida yao waliigeuza kuwa mawe ya kanisa. Wengi wao hawakujua kusoma. Padre alisimama chini ya mawe yale akawaonyesha kwa kidole: huyu ni Yuda, huyu ni Pilato, huyu ni Mama wa Bwana. Kalvario ilikuwa kitabu chao cha katekisimo.

Hapo sisi walimu wa dini tusimame kidogo. Padre mmoja, Michel Le Nobletz, aliyezaliwa mwaka 1577 na kufa mwaka 1652, aliona watu wa pwani ile hawana mafundisho. Akaagiza picha zichorwe juu ya ngozi, zenye njia na bahari na milima, akazitumia kuwaeleza watu wema na uovu, wokovu na upotevu. Tena hakufanya kazi peke yake: katika mji wa Douarnenez, usio mbali na Locronan, aliwafundisha wanawake kuzieleza picha hizo kwa wenzao. Wako waliomlaumu kwa ajili hiyo, lakini kazi ilizaa matunda, na baadhi ya picha zile zimehifadhiwa mpaka leo. Basi kila mke wa nyumbani anayewafundisha watoto wake sala jikoni, na ajue ya kuwa ana dada wa zamani katika kazi hiyo.

Njia zile zina makovu pia. Mwaka 1902 waziri mkuu wa Ufaransa, Émile Combes, alikataza mahubiri na katekisimo kwa Kibretoni, akataka Kifaransa peke yake. Siku zile serikali ndiyo iliyowalipa mapadre mshahara, na wengi walioendelea kufundisha kwa lugha ya watu walinyimwa mshahara huo. Katika shule nako, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa alama ya aibu, mpaka amkamate mwenziwe katika kosa lilo hilo na kumpa. Wazee wa Kenya wanaikumbuka alama kama hiyo katika shule zao wenyewe. Hatuna haja ya kuongeza neno.

Kisha, baada ya vita vya pili vya dunia, mashamba madogo ya Bretagne yaliunganishwa ili mashine zipate kulima. Kuta za udongo zenye miti zikabomolewa, na njia nyingi zilizokuwa zimezama kati ya kuta hizo zikafutwa kabisa. Vikanisa vya mashambani, vilivyokuwa vikijaa watu siku ya sikukuu yake iitwayo pardon, yaani msamaha, vikaachwa. Paa zikaanguka, magugu yakamea mbele ya altare. Mwaka 1952 kilianzishwa chama kiitwacho Breiz Santel ili kuviokoa, na mahali pengi wanakijiji wenyewe walirudi wakiwa na ngazi na chokaa. Wengine wao hawakuwa wameingia kanisani miaka mingi, nao walipanda juu ya paa kabla ya kurudi kupiga magoti.

Sasa mwaona kwa nini sikutaka kumjibu yule kijana upesi. Njia haihifadhiwi kwa karatasi, huhifadhiwa kwa nyayo. Ile isiyopitwa na mtu huzibwa na miiba katika miaka michache, nacho kikanisa kilicho mwisho wake hufa pamoja nayo. Katika pwani ya Bretagne kuna njia iliyoanzishwa mwaka 1791 kwa ajili ya askari wa forodha, wapate kuwavizia wenye magendo usiku. Askari waliondoka, njia ikaanza kupotea. Leo imefunguliwa tena kutoka Mont-Saint-Michel hata Saint-Nazaire, kama kilometa 2,000, kwa sababu watembeao na wakimbiao waliihitaji. Na kila mwaka, kutoka Saint-Pol-de-Léon, mji wa Mtakatifu Paul Aurélien, huanza mashindano ya mbio ya kilometa 21 kwenda Morlaix, nao wakimbiaji wa Kenya wamekwisha kushindana humo. Bila shaka vijana wetu wamepita chini ya minara ile mirefu bila kujua ni minara ya nani.

Basi nilimjibu hivi: "Mwanangu, kukimbia si dhambi. Mtume Paulo mwenyewe aliufananisha mwendo wa Mkristo na mashindano ya mbio. Lakini wakati wa maandamano mpishe anayesali, wala usimpite kwa kishindo. Ukifika penye Kalvario, simama hata pumzi ikurudie, utazame. Lango ulilolikuta limefungwa ulifunge tena nyuma yako. Ukifanya hayo, miguu yako itakuwa imeitunza njia kwa ajili ya atakayekuja kusali kesho, na pengine huyo ni wewe."

Kijana alicheka kidogo, akasema, "Na njia yetu ya kwenda kanisa la kilimani, Mwalimu? Imeota nyasi."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na majembe, watu sita. Alikimbia mbele yetu mpaka juu, akarudi kutuambia mahali palipozibika.