Mdomo Usio na Kazi: Kasuku Anayejinyonyoa na Kuchagua Chakula

Pale wataalamu wa tiba ya wanyama wanapozungumzia ndege wanaojinyonyoa manyoya, ndege wawili hutajwa kuliko wote: kasuku weupe wenye kishungi kutoka Australia na visiwa vya Indonesia, na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Psittacus erithacus. Huyu wa pili ni ndege wa misitu ya Afrika ya Kati, mwenye makao Kongo na Uganda, na ambaye upeo wake wa mashariki hufika, kwa idadi ndogo sana, katika msitu wa Kakamega nchini Kenya na misitu ya Minziro huko Kagera. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyu aliyenaswa porini ilipigwa marufuku kuanzia Januari 2017, baada ya nchi wanachama wa mkataba wa CITES kumweka katika kundi la viumbe wanaolindwa zaidi. Lakini kwa kuwa kasuku huyu huweza kuishi miaka 40 au zaidi akiwa kifungoni, wapo wengi waliokwisha kufika majumbani kabla ya hapo, kuanzia Nairobi hadi Muscat na London, na kwa wafugaji wao malalamiko ni yale yale mawili. La kwanza ni kwamba ndege anabaki na kifua kitupu kama kuku aliyetayarishwa kwa mchuzi. La pili ni kwamba hataki kula chochote isipokuwa alizeti na karanga.

Wafugaji wengi huyachukulia malalamiko hayo kuwa mambo mawili yasiyohusiana, wakatafuta dawa ya kupaka kwa la kwanza na kubadilisha aina ya mbegu kwa la pili, ilhali mara nyingi yote mawili hutoka katika bakuli moja, lile linalojazwa asubuhi na kumalizwa kabla chai haijapoa.

Kabla ya kufika kwenye bakuli hilo, ni lazima kutenganisha kujinyonyoa na kupukutisha manyoya. Kupukutisha ni jambo la kawaida, ambapo unyoya uliochakaa huanguka wenyewe na mwingine kuchomoza mahali pake ukiwa ndani ya ala nyembamba, na ndege hubadilika kidogo kidogo bila kuacha ngozi wazi. Ndege anayejinyonyoa huacha alama tofauti: manyoya yaliyoanguka sakafuni huwa yametafunwa ncha au kuvunjwa katikati ya uti, ngozi ya kifua, mapaja na chini ya mabawa huonekana, na wakati mwingine manyoya machanga, ambayo bado yana damu ndani ya uti wake, hung'olewa na kuacha matone mekundu kwenye kijiti cha kutulia. Kichwa ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Kwa kuwa mdomo wa ndege haufiki kichwani mwake mwenyewe, kasuku anayejinyonyoa hubaki na kichwa chenye manyoya mazuri juu ya mwili uliochakaa. Kichwa kikiwa nacho kitupu, basi ama kuna ndege mwenzake anayemnyonyoa, ama kuna maradhi.

Maradhi ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, na hapa hakuna njia ya mkato. Kipo kirusi kinachoshambulia mdomo na manyoya ya jamii ya kasuku, ambacho hugunduliwa kwa kipimo cha maabara. Yapo magonjwa ya ini, maambukizi ya ngozi, na sumu ya madini. Hiyo ya mwisho inastahili kutajwa kwa namna ya pekee katika nchi zetu, ambako matundu mengi hutengenezwa na mafundi kwa waya uliopakwa zinki ili usishike kutu, na kasuku, kwa tabia yake ya kutafuna kila anachokifikia, hukwangua zinki hiyo na kuimeza. Chawa na utitiri, ambao ndio hulaumiwa kwanza, si chanzo cha kawaida kwa kasuku anayeishi ndani ya nyumba, na kumpulizia dawa ya wadudu iliyokusudiwa kuku ni kumwongezea muwasho juu ya ule alio nao.

Daktari asipoona maradhi, ndipo mazingira na chakula huchukua nafasi yake. Kasuku wa mwituni hutumia saa nyingi kila siku katika kutafuta mlo: huruka kutoka mti hadi mti, huning'inia, huvunja maganda magumu, huchuna nyama ya tunda la mchikichi na kutupa sehemu kubwa ya alichokichuma. Kasuku wa ndani, aliyewekewa kila kitu mbele ya miguu yake, humaliza kazi hiyo kwa muda usiofika saa mbili kwa siku nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha makumi ya spishi za kasuku wanaofugwa, ulionyesha kwamba spishi ambazo porini hula vyakula vinavyohitaji kuvunjwa na kumenywa kwa taabu ndizo zinazoharibu manyoya yao zaidi zikiwa kifungoni. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walikwisha kuonyesha kwamba kasuku wachanga wa jamii ya Amazon waliopewa chakula cha kutafutwa na vitu vya kupanda walikuwa na manyoya mazuri kuliko wenzao wa matundu matupu, na kwamba wale waliokwisha kuharibika walipata nafuu mazingira yao yalipobadilishwa. Mdomo ulioumbwa kwa ajili ya kupasua kokwa ukikosa kokwa hutafuta kitu kingine, na kitu kilicho karibu kuliko vyote ni unyoya.

Bakuli la mbegu lina kosa la pili, ambalo ni la lishe. Katika mchanganyiko unaouzwa madukani, kasuku huchagua alizeti na karanga na kuacha vingine, hivyo mlo unaoonekana kuwa wa aina kumi huwa kwa kweli wa aina mbili, zenye mafuta mengi, kalisi kidogo, na karibu hazina vitamini A kabisa. Upungufu wa vitamini A hukausha ngozi na kudhoofisha utando wa pua na koo. Upungufu wa kalisi, ambao kasuku wa kijivu huupata kwa urahisi kuliko jamaa zake, huweza kumfanya atetemeke na hata kuanguka kifafa. Karanga zina hatari yake nyingine, kwani zikihifadhiwa penye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 katika mashariki ya Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, na ini la ndege ni dogo zaidi.

Vyakula vya kuziba mapengo hayo havihitaji duka la kifahari. Boga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa huleta vitamini A, na vivyo hivyo kiasi kidogo cha mawese, ambayo ndege huyu huyajua tangu msituni. Kwa upande wa kalisi, sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una asidi inayoshika kalisi na kuzuia mwili kuitumia. Parachichi lisitolewe hata kipande, kwa kuwa lina kemikali inayodhuru moyo wa ndege. Chokoleti, kahawa na vyakula vyenye chumvi nyingi viwekwe mbali vilevile. Jua la asubuhi barazani, penye kivuli cha kukimbilia, husaidia mwili kutengeneza vitamini D, jambo ambalo jua linalopita kwenye kioo cha dirisha haliwezi kulifanya.

Ugumu ni kwamba kasuku aliyezoea alizeti kwa miaka huenda asikitambue kipande cha boga kuwa ni chakula. Kumnyima mbegu ili njaa imfundishe ni hatari, kwani ndege hupungua haraka na huficha udhaifu wake hadi dakika za mwisho. Njia salama ni ya wiki na hata miezi: mboga zikatwe ndogo ndogo na kuchanganywa na mbegu chache, zitolewe asubuhi wakati hamu ni kubwa, kisha mbegu zipunguzwe kwa hatua. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba ale boga hilo mbele ya tundu kwa mbwembwe, kwa kuwa kasuku ni ndege wa kundi na humwamini zaidi yule anayemwona akila. Mizani ya jikoni inayopima gramu ndiyo mlinzi wa zoezi zima. Kasuku wa gramu 450 akipimwa kila asubuhi kabla ya kula na akafika gramu 405, yaani amepoteza sehemu moja ya kumi, zoezi lisimamishwe na daktari aonwe.

Wakati huo huo chakula kifanywe kazi. Punje chache zikifungwa ndani ya ganda la hindi, zikafichwa kwenye kifuu chenye matundu, au kiazi kikachomekwa kwenye tawi bichi la mpera lenye magome yake, ndege hupata cha kupasua na cha kuchambua. Aanze na mafumbo mepesi, ganda likiwa nusu wazi, kwani asiyewahi kutafuta huweza kukata tamaa. Usingizi nao una sehemu yake: katika misitu ya ikweta giza hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, ilhali tundu la sebuleni humulikwa na runinga hadi usiku wa manane. Maji ya kumnyunyizia mara kwa mara hulainisha ngozi. Ashikwe kichwani tu, kwa sababu kupapaswa mgongo humwamsha kijinsia na kumwacha na msisimko usio na pa kwenda. Anapoanza kujinyonyoa, asipigiwe kelele, maana kwa ndege mpweke hata karipio ni maongezi.

Kola ya shingoni huzuia mdomo bila kugusa sababu, kwa hiyo inafaa pale tu ndege anapojitoboa nyama; na dawa za kutuliza mfadhaiko, ambazo madaktari huziandika kwa baadhi yao, hufanya kazi sambamba na mabadiliko hayo. Matokeo huonekana polepole, kwa sababu unyoya uliovunjwa haubadilishwi hadi msimu wa kupukutisha ufike, na pale kifuko cha ngozi kinachootesha unyoya kilipong'olewa mara nyingi hadi kikawa kovu, hakuna kitakachoota tena. Ndege wa namna hiyo bado huweza kula vizuri, kuzungumza na kuishi miaka mingi akiwa na kifua wazi, ila usiku wa kipupwe atahitaji kufunikiwa tundu na kuwekwa mbali na dirisha.