Kuteleza kila mtu anaweza, kusimama je?

WENGI wetu tukiwaona vijana kwenye televisheni wanateleza juu ya barafu, mikono nyuma, nywele zinapepea, tunasema, "Ah, mbona rahisi!" Ni kweli bwana, kwenda ni rahisi. Vaa vile viatu vyenye chuma chini, mshikaji akusukume kidogo tu, utakwenda. Utakwenda hata kama hutaki! Kasheshe linaanza pale unapomwona mtoto wa watu mbele yako, na wewe breki huzijui.

Usidhani ni habari ya Wazungu peke yao. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya mpira wa magongo wa barafuni, Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilisafiri mpaka Kanada ikacheza pamoja na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Dubai nako, kwenye joto lile la kukaanga yai, watu wanateleza tangu Al Nasr Leisureland ilipofunguliwa mwaka 1979. Kwa hiyo ipo siku washikaji watakwambia "twende", na hutataka kuonekana mshamba.

Sasa sikiliza: jifunze kusimama kabla hujajifunza kukimbia. Anayejua kusimama haogopi kwenda. Asiyejua atabana ukuta tangu anaingia mpaka muda aliolipia unakwisha.

Breki iko wapi?

Viatu vya magurudumu, vile vinavyovaliwa kwenye lami, vingi vina kipande cha mpira cha kufungia breki. Vya barafu havina. Vingine vina meno mbele ya chuma, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mgeni anadhani meno yale ni breki, anayakita kwenye barafu huku anakwenda mbele. Kiatu kinasimama, mwenyewe anaendelea na safari, uso mbele!

Breki ni chuma chenyewe. Geuza kiatu utazame: kina unene wa kama milimita 3 au 4, na katikati kimechongwa mfereji mwembamba, ndiyo maana kina makali mawili, la ndani na la nje. Chuma kikielekea mbele kinateleza bila kizuizi. Kikiwekwa upande kinaparua barafu, na kule kuparua ndiko kunakokula mwendo wako. Lakini ukikilaza sana, kali linang'ata barafu na wewe unarushwa. Siri yote iko hapo: paruza, usichimbe.

Hatua kwa hatua

Kwanza, shika ukuta. Kunja magoti kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda halafu akaghairi. Mguu mmoja uwe nanga. Mwingine usukume nje, chuma kikiwa karibu kimesimama wima, ukikwangua barafu. Ukiona unga mweupe kama ule unaoganda kwenye friza, umepatia. Usipouona, unapapasa tu. Rudia mara kumi, halafu badili mguu.

Pili, achia ukuta. Jisukume taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, kisha acha miguu yote miwili iteleze sambamba. Sasa vidole viangaliane kwa ndani, visigino viachane, miguu ifanye kama herufi A isiyo na kijiti cha katikati. Kunja magoti zaidi, sukuma visigino nje. Wenyewe wanaifananisha na plau ya kusukumia theluji. Vidole visigusane, maana vyuma vikipandana, umekwisha.

Tatu, macho mbele. Ukitazama miguu, kichwa kinashuka na mwili unakifuata. Na usijivute nyuma kwa woga, kwani hivyo ndivyo watu wanavyokalia makalio. Uzito ubaki katikati ya nyayo.

Miguu miwili ikikushinda, tumia mmoja. Wengi huanza kuiweza hivyo. Mguu wa nanga unateleza moja kwa moja, wa pili unageuza vidole ndani na kukwangua.

Ukishaizoea hiyo, ndipo ujaribu ya herufi T: mguu mmoja unateleza, mwingine unauweka nyuma yake kwa kukingama na kuuburuta. Ile ya wacheza magongo, ya kugeuza miguu yote upande ghafla na kurusha theluji, iache kwanza. Inapendeza machoni, lakini kuiparamia siku ya kwanza ni kutafuta plasta.

Hesabu ya mwendo

Kuna jambo vijana wanalisahau. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi unayohitaji ili usimame inaongezeka mara nne. Kama ukienda pole unasimama kwa mita 2, ukienda mara mbili ya hapo andaa mita 8. Je, mbele yako kuna mita 8, au kuna familia inapiga picha?

Ukiona mambo yameharibika, anguka kwa hiari. Chuchumaa, lalia ubavu na paja, wala usitangulize kiganja, maana kifundo cha mkono huvunjika kirahisi hivyo. Ukishakuwa chini kunja ngumi, kwa sababu vyuma vya wenzako vinapita na vidole havioti tena. Kisha piga magoti, weka mguu mmoja, simama. Hakuna haja ya aibu, kila mtu mle ndani alishaanguka.

Na viatu vya kukodi usichukue tu ulichopewa. Kisigino kisicheze ndani, kamba zikaze kwenye kifundo, soksi iwe nyembamba. Ukiona chuma butu, omba kingine. Kofia ngumu ikiwepo, vaa, hata kama umetoka saluni leo asubuhi.

Wanasema ajali haina kinga. Hii ya barafu inayo, na inakutaka dakika 20 tu pembeni ya ukuta. Wanaokucheka pale ukutani, wapishe. Baadaye mtaonana katikati ya uwanja, wewe umesimama, wao wanatafuta pa kushika.