Mbwa mkali: kosa ni la ukoo wake, ao la mwenye kumfuga?

Wandugu wakulima, wababa na wamama wa kooperative, kuna ulizo moja linalorudi kila mara tunapotembelea madepo yenu ya kahawa, kakao na mahindi. Wezi wanapita usiku, zamu mmoja hatoshi, na mtu fulani anasema kwamba mjini wanauza mbwa wa ngambo, wenye kichwa kinene na kifua kipana, wale wanaoitwa pitibuli. Vijana wamekwisha kuwaona katika video za telefone. Mmoja anasema: "Tununue ile, mwizi hataingia." Mwingine anajibu: "Ile itakula watoto wetu." Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Hata kule mbwa hawa walikotoka, watu wanabishana zaidi ya miaka 30 bila kusikilizana. Tueleze kwanza ubishi wao, kisha tuone unatufundisha nini sisi wenye depo na wenye watoto.

Pitibuli ni mbwa gani?

Zamani Uingereza watu walipenda mchezo mbaya wa kuachilia mbwa washambulie ng'ombe dume aliyefungwa. Sheria ilikataza mchezo huo mwaka 1835. Wenye kupenda kamari hawakuacha. Waligeukia kupiganisha mbwa kwa mbwa ndani ya shimo, sababu shimo lilikuwa rahisi kufichwa. Walichanganya mbwa mwenye nguvu wa kushika ng'ombe na mbwa mdogo mwepesi wa kuwinda panya, wakapata mbwa asiyeogopa na asiyeachia. Wahamiaji walimpeleka Marekani, na huko chama kimoja cha wafugaji wa mbwa kilimwandika kama ukoo kamili mwaka 1898. Wakulima wa Marekani walimtumia pia kukamata ng'ombe na nguruwe waliotoroka.

Leo neno pitibuli ni kama kapu: wanatia humo koo tatu ao ine, pamoja na machotara wao wote. Mbwa mwenye kichwa kipana na manyoya mafupi, watu wanamwita pitibuli bila kujua baba yake wala mama yake. Huko Marekani walipima damu ya mbwa wa makao, wakaona kwamba hata wafanyakazi wenye kuzoea mbwa walikuwa wanakosea mara mingi. Basi mtu akikuuzia "pitibuli wa kweli" sokoni, anakuuzia jina tu.

Wanaotaka akatazwe

Wanaosema mbwa huyu akatazwe si watu wa maneno matupu. Marekani ina mbwa zaidi ya milioni 80, na kila mwaka makumi ya watu wanauawa na mbwa. Wanaohesabu vifo hivi kwa kusoma magazeti wanakuta kwamba zaidi ya nusu vinaandikwa kwa jina la pitibuli ao chotara wake. Wanganga wa kupasua katika hopitali kadhaa wameandika kwamba vidonda vyake huwa vizito kupita vya mbwa wengine. Mbwa mdogo anauma na kukimbia. Mwenye taya za namna hii anashika na kutikisa. Hapo hatuoni namna ya kubisha: nguvu ya mwili ni nguvu, hata kama roho ni nzuri.

Ndiyo sababu Uingereza iliweka sheria mwaka 1991, ikakataza pitibuli na koo tatu nyingine. Miaka zaidi ya 30 baadaye, watu waliendelea kuumwa, na mbwa mwingine mkubwa zaidi wa jamaa ileile alikuwa ameenea, anayeitwa XL Bully. Serikali ikamwongeza kwenye orodha. Tangu tarehe 1 Februari 2024, katika Uingereza na Wales, haruhusiwi kuwa na mbwa huyo mtu asiye na cheti. Uholanzi yenyewe ilikataza pitibuli mwaka 1993, kisha ikafuta sheria ile mwaka 2008, kwa sababu haikuona watu wanaoumwa wakipungua. Mji wa Denver, Marekani, ulikataza mwaka 1989. Mwaka 2020 wakaaji walipiga kura ya kuruhusu tena, kwa masharti.

Makao ya mbwa wasio na mwenyewe

Katika nchi hizo kuna nyumba zinazopokea mbwa waliotupwa. Mtu anaenda, anachagua, analipa kidogo, anarudi naye. Pitibuli ni wengi sana humo, sababu watu wanamnunua akiwa mdogo na mzuri, akikomaa wanaogopa, ao mwenye nyumba ya kupanga anamkataa. Asiyepata mwenye kumchukua, mara mingi anachomwa sindano ya kufa.

Mwaka 2007 polisi walikuta karibu mbwa 50 kwa mchezaji maarufu wa Marekani, Michael Vick, aliyekuwa anaendesha mapigano ya mbwa. Vyama vingine, hata vya kutetea wanyama, vilisema wauawe wote, eti mbwa wa mapigano hawezi kubadilika. Tribinali iliomba wapimwe mmoja kwa mmoja. Wengi waliachwa hai, na wamoja kati yao waliishi kwenye jamaa za watu pamoja na watoto. Wale 22 waliokuwa wagumu zaidi walipelekwa kwenye makao makubwa katika jimbo la Utah, na hata kati yao wapo waliopata nyumba.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii. Mwaka 2017, katika jimbo la Virginia, mtu mzee aliuawa na mbwa ambaye jamaa yake walikuwa wametoka kumchukua siku ileile. Mbwa yule alikwisha kuuma mtoto mbele ya hapo. Leo sheria ya Virginia inalazimisha makao kusema wazi kama mbwa aliwahi kuuma. Kwa maoni yetu, sheria ile inasaidia kuliko orodha ya koo. Mwenye kutoa mbwa akificha historia yake, huruma yake inageuka hatari kwa jirani.

Vifo 256 vilivyochunguzwa

Uchunguzi tunaopenda mjue vizuri ulitokea mwaka 2013. Watafiti wa Marekani walichukua vifo 256 vilivyoletwa na mbwa kutoka mwaka 2000 hadi 2009. Hawakusoma magazeti tu. Waliuliza polisi na wachunguzi, kifo kwa kifo. Walikuta hivi: katika vifo 87 kwa 100, hapakuwa mtu mzima mwenye nguvu wa kuingilia kati. Katika 85 kwa 100, aliyekufa hakuwa anazoeana na mbwa. Mbwa 84 kwa 100 walikuwa hawajahasiwa. Na 76 kwa 100 walikuwa mbwa wa kufungwa ao kuwekwa pembeni, wasioishi pamoja na watu. Mara mingi mambo ine ya namna hii yalikutana kwa pamoja. Ukoo, kinyume chake, waliweza kuuhakikisha katika vifo 45 tu kati ya vile 256.

Wenye kutetea pitibuli wanapenda kusema kwamba uchunguzi huu umemtoa hatia. Hapana, haukusema vile. Ulisema kwamba ukoo haukujulikana. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2022, uliofanywa juu ya mbwa elfu nyingi, ulionyesha kwamba ukoo unaeleza karibu sehemu 9 tu kwa 100 za tofauti ya tabia kati ya mbwa na mbwa. Si bure, lakini ni kidogo. Sehemu kubwa iko mahali pengine, na mkono wa mwenye kumfuga ni mahali pamoja pa kuangalia.

Sasa tazameni picha ile: mbwa ambaye hajahasiwa, amefungwa mnyororo mchana na usiku, hazoeani na mtu, na mtoto anapita peke yake. Wandugu, si ndiyo namna tunavyofuga mbwa wa depo? Tena tunasema tunamfunga ili awe mkali. Mbwa wa mnyororo hajui kutofautisha mwizi na mtoto wa mama mwanamemba aliyeleta kahawa.

Kwa depo, kazi ya mbwa ni kutoa sauti. Mwizi anaogopa kelele kupita meno, na mbwa wa kijiji anayebweka anatosha kumwamsha zamu. (Mbwa wetu wa zamani wa kuwinda, yule wa pori la Congo ambaye Wazungu wanamwita Basenji, hatafaa: habweki, ndiyo maana wawindaji wanamvika kengele ya mti shingoni.) Mchukueni akiwa na juma nane hivi, si mbele ya hapo. Mpaka juma la 14 mzoesheni watu, wababa, wamama, watoto, mizigo, pikipiki; ni katika muda ule anajifunza nani si adui. Mhasini. Chagueni watu wawili wa kumlisha, na majina yao yaandikwe katika kitabu cha kooperative, sababu mbwa wa wote ni mbwa asiye na mwenyewe. Mchana awe ndani ya lupango, asiwe kwenye njia ya watoto. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole wa nyumbani.

Kichaa cha mbwa hakiulizi ukoo

Hapa ubishi wa Marekani na wetu unaachana. Kule karibu mbwa wote wa nyumbani wanachanjwa, na mtu akiumwa anaogopa kidonda. Kwetu mbwa mdogo mwembamba, ambaye hakuna mtu anayemwita mkali, anaweza kuua kwa mate yake. Duniani watu karibu 59 000 wanakufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi sana Afrika na Asia, na kati ya kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, ine ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote wameambukizwa na mbwa.

Mtu akiumwa ao akikwaruzwa, oshea kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko mnavyofikiri, tazameni saa. Msiweke jiwe jeusi, petroli, pilipili wala majivu, na msifunge kidonda kwa nguvu. Siku ileile nenda kituo cha afya. Kama hawana chanjo, ombeni wawaelekeze mahali inapopatikana katika zoni ya afya. Sindano ni zaidi ya moja, na lazima kuzimaliza hata kama kidonda kimepona. Ugonjwa unaweza kujificha mwezi moja hadi mitatu, hata zaidi, na dalili zikianza, mganga hana tena la kufanya.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila kumgusa, msimuue papo hapo. Mfungieni siku kumi mkimpa chakula na maji, na mwiteni veterineri. Akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa na ugonjwa katika mate siku ile aliyouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku zile kumi ili aanze sindano.

Mkitaka kijiji kizima kikingwe, mbwa 70 kwa 100 wanapashwa kuchanjwa. Kooperative yenye kaya 100 na mbwa 60 inatafuta mbwa 42, na kazi ya kuwahesabu mnaweza kuifanya ninyi wenyewe mbele ya veterineri kufika. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia juu ya kichaa cha mbwa. Leteni orodha ya mbwa wenu mwezi moja mbele ya siku ile, pamoja na jina la mwenye kila mbwa, ili ajenti ajue achukue dozi ngapi katika sanduku la baridi.