Kutoka Kauri hadi Karatasi: Noti za Visiwa vya Maldivi

Kila Ijumaa baada ya sala huketi tukahesabu yaliyomo katika kisanduku cha sadaka. Noti hupita mikononi mwetu, nasi hatutazami ila tarakimu. Lau tungetazama na michoro, tungesoma habari za watu walioitoa. Tuwape wasomaji wetu mfano wa Maldivi, visiwa vya Waislamu wenzetu katika Bahari ya Hindi.

Zamani fedha ya huko iliokotwa baharini, nayo ni kauri. Ibn Batuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikuwa kadhi Maldivi. Ameeleza kuwa visiwani kauri 400,000 ziliuzwa kwa dinari moja ya dhahabu. Alipofika Mali, Afrika Magharibi, akakuta dinari moja ni kauri 1,150 tu. Kombe ni lile lile. Kilichobadilika ni imani ya watu juu yake.

Karne zikapita, rupia ya Ceylon ikashika nafasi. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili: safari za vyombo zikakatika, mchele utokao nje ukaadimika, njaa ikavikumba visiwa. Vita vilipokwisha, usultani ule mdogo, uliokuwa chini ya himaya ya Waingereza, ulitoa noti zake wenyewe mwaka 1947, sawa na 1367 Hijria. Zilikuwa za nusu rufiyaa, 1, 2, 5 na 10. Za 50 na 100 zikafuata mwaka 1951.

Juu yake palichorwa mnazi na jahazi, pamoja na maandishi ya Thaana yasomwayo kutoka kulia kwenda kushoto. Mnazi huwapa chakula na kamba. Jahazi ndilo lililowaletea mchele. Watu waliotoka katika njaa walitia katika fedha yao vitu viwili walivyovitegemea kuishi.

Kauri, hata isiponunua kitu, yaweza kuvaliwa shingoni. Noti isipoaminiwa ni karatasi tupu. Aliyeitoa ameahidi, na anayeipokea amesadiki. Hiyo ni amana. Kwa hiyo sisi tuliokabidhiwa kisanduku cha msikiti hatuna budi kukifungua mbele ya mashahidi, tukahesabu kwa sauti, na tukaandika kila shilingi. Anayetia noti yake humo ametuamini mara ya pili.